Marehemu Anapatikana

Bi Kimya hakupewa jina hilo kwa sababu ya upole. Alikuwa karani wa mahakama, na kila asubuhi kabla hakimu hajaketi, yeye ndiye aliyesimama na kusema "Kimya!" kwa sauti iliyowafanya hata mawakili wakatishe neno katikati. Alipostaafu aliacha meza, akaacha kiti, sauti akaondoka nayo. Mtaa mzima ulimwita Bi Kimya kisogoni. Yeye alijua, na hakuona ubaya.

Binti yake wa pekee aliolewa na fundi majokofu aliyefanya kazi ughaibuni, kwenye mahoteli. Watu walimwita Baridi. Alikuwa mwanamume mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti, na mbele ya mama mkwe wake sauti ilizidi kupungua. Safari hii alipokuja likizo alimletea simu.

Simu hiyo ilikuwa imesubiriwa. Makarani wastaafu walikuwa na kundi lao la kutumiana habari, na Bi Kimya, mwenye simu ya vitufe iliyofungwa mpira ili betri isidondoke, hakuwemo. Habari za kundi alizipata kwa mdomo, zikiwa zimepoa. Mwezi uliopita alikuwa amekosa mazishi ya msajili aliyefanya naye kazi ujana wake wote, kwa sababu tu tangazo lilipita kwenye kundi na kila mtu alidhani mwenzake amemwambia.

"Si mpya, mama," Baridi alisema, akiitoa kwenye mfuko wa plastiki. "Imetumika kidogo. Lakini ni nzima kabisa."

"Hata mimi nimetumika," alisema Bi Kimya. "Iwashe."

Ikawaka. Kioo kilikuwa angavu kuliko dirisha. Ikasalimia kwa lugha moja baada ya nyingine, hadi ikafika "Hujambo".

"Sijambo," Bi Kimya akaijibu. Kisha akamgeukia binti yake. "Ina adabu."

Baridi alichagua lugha, akaiunganisha na intaneti ya nyumbani, akangoja. Simu ilifikiri. Halafu ikaandika kwamba imefungwa na akaunti ya mmiliki, na kwamba mmiliki aweke anwani yake ya barua pepe na neno lake la siri ili kuendelea.

"Mmiliki ni nani?" aliuliza Bi Kimya.

"Ni wewe, mama."

"Mbona hainijui?"

Baridi aliizima, akaiwasha. Alitoa laini, akairudisha. Alitoa laini tena, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Mke wake alimshauri ajaribu kuandika jina la mama kwa herufi kubwa. Simu ilikataa kila kitu kwa maneno yaleyale, bila kukasirika. Chini ya maneno hayo ilionyesha kidokezo cha anwani ya mmiliki: herufi moja ya mwanzo, kisha nyota tupu.

Bi Kimya alivaa miwani, akasogea, akaisoma ile herufi na zile nyota.

"Mwanangu," alisema taratibu. "Hii simu umeinunua wapi?"

"Dukani, mama. Duka la vitu vilivyotumika. Lina bango na taa."

"Una ushahidi gani?"

Baridi alitazama huku na huku, kisha akamwonyesha mfuko wa plastiki.

Kesho yake walikwenda wote watatu kwa fundi simu, kwenye korido nyembamba kati ya duka la dawa na mtu wa fotokopi. Fundi alikaa nyuma ya sanduku la kioo lililojaa vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba. Alimwamkia Bi Kimya, akampa stuli yake mwenyewe, akabaki amesimama. Aliichomeka simu kwenye kompyuta yake, akaitazama kwa taa yenye lenzi, akaibonyeza vitufe viwili kwa pamoja.

"Simu nzima," alisema. "Betri nzima, kamera nzima, haijafunguliwa tangu itoke kiwandani. Ila roho yake iko kwa mtu mwingine."

"Fafanua," alisema Bi Kimya.

"Mama, hii kufuli haiko ndani ya simu. Ingekuwa ndani ningeitoa. Iko huko kwenye kompyuta za kampuni. Hata nikifuta kila kitu, ikipata intaneti tu inakwenda kuuliza, mimi ni wa nani? Inaambiwa, wewe bado ni wa yule. Basi inarudi hapohapo."

"Na huyo yule akitaka kuiachia?"

"Huyo hata haji hapa. Popote alipo anaingia kwenye akaunti yake, anaiondoa simu kwenye orodha, biashara imekwisha."

Baridi alikohoa. "Kaka, hakuna njia nyingine?"

Fundi alitazama mlangoni. "Kuna jamaa anaweza kuipitisha mlango wa nyuma. Itawaka, utapiga picha, utaangalia saa. Kupiga simu ndiyo haitapiga."

"Huyo jamaa," alisema Bi Kimya, "nadhani niliwahi kumwita kizimbani."

"Basi mama, tuiuze spea. Kioo chake tu ni dili."

"Nimepewa simu. Sijapewa spea."

Fundi hakubishana. Aliifuta alama za vidole, akamrudishia, akawashauri mambo mawili: Baridi amtafute muuza duka amuulize simu ilitoka kwa nani, na simu yenyewe waiache ikiwaka, kwenye intaneti, ili mwenyewe akiitafuta aione. Hakutaka malipo. Alisema hajafanya kitu.

Baridi alimtumia muuza duka ujumbe wa sauti, kwa lugha ya kule, akiwa uani karibu na kamba ya nguo. Lugha hiyo alijifunzia kazini, nyuma ya majokofu, na aliijua vizuri upande huo: washa, zima, inavuja, haipozi, subiri, imekwisha. Nje ya hapo alikwenda kwa kupapasa. Jibu lilikuja kabla nguo hazijakauka. Alilisikiliza mara mbili, kisha akaingia ndani na uso wa mtu mwenye habari.

"Mama, aliyeiuza pale dukani alikuwa mwanamume. Alisema simu ni ya mama mkwe wake." Akashusha simu yake. "Alisema amefariki."

Bi Kimya alivua miwani.

"Aliugua?"

"Hakusema."

"Alikuwa na umri gani?"

"Mama, yule ni muuza duka."

Bi Kimya aliikunja miwani. Halafu aliichukua simu, akaiweka juu ya kabati karibu na dirisha, kwenye kitambaa safi, akaichomeka chaji. Aliisimamisha ikiegemea chombo cha maua, kioo kikitazama sebuleni.

"Mtu amekwenda zake," alisema, "na simu yake bado inamngoja aweke neno la siri."

Tangu hapo alipiga marufuku kubahatisha. Baridi alipotaka kujaribu maneno ya siri ambayo watu wengi hutumia, aliambiwa amwache marehemu apumzike. Jirani mshonaji alisikia kuna msiba, akaja kutoa pole. Aliketi, akaitazama simu kwenye kitambaa chake, akauliza kwa heshima kama Bi Kimya alimfahamu sana.

"Herufi moja tu," alijibu Bi Kimya.

Baridi alianza kuona likizo yake imeingia doa. Alikuja na zawadi, zawadi ikageuka maiti sebuleni. Alimwambia mke wake chumbani kwamba atanunua nyingine, mpya, ya hapahapa, hata iwe ndogo. Mke wake alimwambia asubiri kwanza matanga yaishe. Hakucheka alipokuwa anasema, na Baridi hakujua kama ni utani.

Asubuhi moja walikuwa mezani wanakunywa chai pale simu ilipoanza kulia. Haikuwa mlio wa kupigiwa. Ilikuwa kama kengele ya kitu kilichoshikwa kikiibiwa, kali, inarudiarudia. Binti alimwaga chai. Baridi alifika kabatini kwanza. Kwenye kioo palikuwa na maandishi mapya ya lugha ya kule, na namba.

"Inasemaje?" aliuliza Bi Kimya.

Baridi alisoma, akasoma tena.

"Inasema, 'Simu hii ni yangu. Imepotea. Tafadhali piga namba hii.'"

"Nani anasema?"

"Marehemu, mama."

Sebule ilitulia, isipokuwa simu. Ilipoacha kulia, Baridi alisema jambo la busara ni kuizima mara moja, kuifunga kwenye mfuko wake, na kuiweka mahali ambapo hakuna intaneti. Hakuwa mwoga wa bure. Kibali chake cha kazi kilikuwa kinakaribia kuhuishwa, na aliona wazi mtu wa uwanja wa ndege akimuuliza habari za simu ya wizi kwa lugha ambayo yeye aliijua kwa upande wa majokofu tu.

"Ukiizima," alisema Bi Kimya, "hapo ndipo unapokuwa mwizi. Sasa hivi wewe ni mnunuzi. Mpigie."

"Mama, kwanza tufikirie."

"Mpigie tumwone uso."

Walitumia simu ya binti. Iliita kidogo tu. Kwenye kioo akatokea mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, ameketi kwenye meza ya jikoni, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Kando yake aliketi mwanamke wa makamo aliyekunja mikono. Nyuma yao birika lilikuwa linafuka mvuke.

"Huyu hapa mzima," alisema Bi Kimya. Akaikaribia simu. "Shikamoo hatuwezi kumpa, hatujui nani mkubwa. Msalimie tu."

Baridi alisalimia. Alieleza, kwa maneno aliyokuwa nayo, kwamba yeye ni fundi, kwamba alinunua simu dukani, duka lenye bango na taa, kwamba ni zawadi ya mama mkwe wake, huyu hapa. Bi Kimya aliinamisha kichwa kidogo aliposikia anatajwa.

Mwanamke mzee alizungumza kwa muda. Baridi akatafsiri: anasema simu ilikuwa inakwamakwama, mkwe wake akajitolea kumpelekea kwa fundi, akarudi akasema ameisahau kwenye teksi. Akamnunulia nyingine. Juzi huyu binti yake, alipokuwa anapanga mambo kwenye hiyo simu mpya, akaona ya zamani imetokea kwenye ramani, nchi nyingine kabisa, imekaa mahali pamoja haitikisiki.

"Imekaa kwenye kitambaa," alisema Bi Kimya. "Mwambie."

Baridi alimwambia. Mwanamke mzee alionekana kuridhika, kisha akauliza jambo lingine, akalisema polepole ili lieleweke. Baridi alijibu neno moja.

"Ameuliza nini?" Bi Kimya alitaka kujua.

"Ameuliza nani aliiuza pale dukani."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, mama."

Bi Kimya alimtazama mkwe wake kama alivyokuwa akiwatazama mashahidi. "Mwanangu, nimefanya kazi na wakalimani. Mama wa watu amesema maneno mengi, wewe ukamrudishia kikohozi. Muuza duka alikwambia nini?"

Baridi aliinama, akanong'ona, kana kwamba wale wa ng'ambo wangesikia Kiswahili. "Mama, huyo ni mkwe wake. Na binti yake ndiye yule pale, mke wa huyo bwana. Nikisema hapa, nitakuwa nimevunja nyumba ya watu kwa sababu ya simu. Na mimi bwana mwenyewe simjui. Labda alikuwa na shida."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu aoe kumpinga mama mkwe wake, na alibaki ameinama akisubiri hukumu.

Bi Kimya alikigeukia kioo. Alimtazama yule mwanamke mzee, akamtazama binti aliyekunja mikono, akatazama birika.

"Una haki," alisema hatimaye. "Kesi za familia husikilizwa faragha. Mwambie hivi, na usipunguze: mama, simu yako iliuzwa na mtu wa nyumbani kwako. Ukitaka kujua mengine, uliza ukiwa peke yako."

Baridi alitafsiri hadi mwisho. Wale wawili walitazamana. Yule binti alisema jambo fupi, bila kukunjua mikono, na Baridi akatafsiri kwamba anasema hilo alishalijua tangu siku ya teksi, kwa sababu mume wake hapandi teksi. Hata hivyo mama yake alimwashiria, naye akainuka, akatoka kwenye picha. Mlango ulisikika ukifungwa.

Mwanamke mzee alivaa miwani, akangoja.

Hapo ndipo Baridi alipogundua kwamba neno la kistaarabu la kufariki hakuwahi kujifunza. Neno alilokuwa nalo lilikuwa la mota. Alilizunguka, akatafuta lingine, hakupata, akalitumia hilohilo.

"Mkwe wako," alisema kwa lugha ya kule, "alimwambia muuza duka kwamba wewe umekufa. Umekufa kabisa. Hutengenezeki."

Mwanamke mzee alimwomba arudie. Alirudia.

"Nilikufa na nini?" aliuliza.

"Hakusema, mama."

Alivua miwani na kuifuta kwa pindo la blauzi yake, akaendelea kuifuta ilhali ilikuwa imeshatakata. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kutoka upande huu haikuwezekana kujua kama anacheka. Bi Kimya alisogeza uso karibu kabisa na kioo na kumwambia yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, "Pole, mwenzangu." Hakumtaka Baridi atafsiri. Mwanamke mzee aliinamisha kichwa kama aliyeelewa.

"Sasa mwambie," alisema Bi Kimya akikaa sawa, "simu ni yake. Ukirudi kazini utampelekea mpaka mlangoni. Mimi nina yangu."

Baridi aliitazama ile yake, yenye mpira, mezani kando ya sukari. Alitafsiri. Hakupunguza, ingawa alitamani.

Mwanamke mzee alisema hapana, simu mpya aliyonunuliwa ina maandishi makubwa zaidi, na sasa anaelewa kwa nini ilinunuliwa haraka vile. Picha zake zote zimo humo. Ya zamani ataiachia. Ila alitaka kujua kwanza mama huyo anaitakia nini.

"Mwambie kuna kundi la wafanyakazi wenzangu wastaafu. Nataka niwe napata habari mapema, nani anaumwa, nani amefariki."

Baridi, ambaye sasa neno la mota lilikuwa limemkaa mdomoni, alisema kwamba mama anataka simu ili ajue nani amekufa.

Safari hii mwanamke mzee alicheka wazi, mkono kifuani, hadi binti yake akafungua mlango kuchungulia. Alisema kitu huku akijipangusa macho.

"Anasema," alitafsiri Baridi, "ujihadhari, habari nyingine si za kweli."

Bi Kimya aliikubali hiyo kwa kutikisa kichwa.

Binti aliitwa arudi. Alichukua simu mpya ya mama yake na kuanza kubonyeza. Ilimwomba neno la siri. Aliweka, ikakataa. Aliweka lingine, ikakataa. Mama yake akamwinamia akaanza kumtamkia kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Asiseme mbele yetu!" Bi Kimya alipaza sauti ileile ya mahakamani, na kuziba masikio. Pande zote mbili za dunia zikanyamaza. Mwanamke mzee akamnong'oneza binti yake sikioni.

Kule wakabonyeza. Huku simu juu ya kabati ilitulia, maandishi ya kupotea yakatoweka, kioo kikawa cheusi. Baridi aliiwasha upya. Ikasalimia kwa lugha zake zote. Akachagua, akaunganisha, akangoja pale ilipokuwa inakwama. Haikukwama. Ilimwomba mmiliki aunde akaunti yake.

"Ni zamu yako, mama."

Bi Kimya aliichukua kwa mikono miwili. Walipofika kwenye neno la siri aliwaomba watoke wote, mkwe na binti, wakakaa uani kwenye mabenchi hadi alipowaita. Jioni ileile makarani wastaafu walimpokea kwenye kundi kwa vipicha vya maua, mishumaa na viganja vya dua, kwa sababu hawakujua kutofautisha alama za furaha na za msiba. Aliwaandikia kwamba yu hai, anawasalimu.

Kabla likizo haijaisha, Baridi alipata ujumbe kutoka namba ya ughaibuni asiyoijua. Alikuwa kwa kinyozi, kitambaa shingoni, akausikiliza sikioni akiwa amejiziba upande wa pili. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyezungumza chinichini.

"Wewe ndiye uliyenunua simu? Namba yako nimeipata dukani."

Baridi alijibu kwamba ndiye.

"Kosa ni la yule muuza duka," ilisema sauti. "Aliuliza kwa nini mwenye simu hajaja mwenyewe. Nikasema anaumwa. Akasema basi nimpigie aongee naye. Ningefanyaje?"

Baridi alikubali kwamba palikuwa pabaya. Aliuliza nyumbani kukoje.

"Mke wangu hanisemeshi. Huyo namwelewa. Shida ni mama. Hajagomba hata kidogo. Kila nikirudi kazini ameniandalia chakula, ananikaribisha mezani, anasema, 'Karibu, baba, marehemu amekupikia.' Anakaa mbele yangu ananitazama. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Kinyozi aliuliza kama aendelee, Baridi akamwonyesha mkono asubiri. Alimfikiria mama mkwe wake mwenyewe, akamfikiria na yule mwingine, na meza yake ya jikoni. Hakuona njia ya kupita. Mwishowe akamwambia mwenzake ale tu.

Jibu lilirudi papo hapo. Alisema anakula.